Mwanangu ametangulia, lakini mikono yangu bado inamuuguza

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, na ninafanya biashara ya dagaa wakavu pale Mwaloni. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilifiwa na mtoto wangu wa kwanza akiwa na miaka 9. Alizaliwa na ugonjwa wa sikoseli. Tuliujua akiwa bado hajatembea, baada ya vidole vyake vya mikono na miguu kuvimba, na tangu hapo kila nilichokifanya kilifuata ratiba ya ugonjwa ule. Jina lake sipendi litajwe, kwa hiyo humu nitamwita Baraka, na mdogo wake, ambaye ana miaka 5, nitamwita Neema.

Naomba nikueleze siku yangu inavyokwenda, kwa sababu kila ninapojaribu kuieleza huzuni yenyewe nashindwa. Naamka saa kumi alfajiri bila kengele wala kuamshwa na mtu. Huo ndio ulikuwa wakati wa kumpapasa Baraka miguu na viwiko nione kama yuko sawa, kwa kuwa upepo wa ziwani wa alfajiri ulikuwa ukimletea maumivu ya mifupa, na kama blanketi limeteleza nilikuwa namfunika upya. Baada ya hapo ilikuwa ni vidonge vya foliki vya kusaidia damu, uji, sweta na chupa ya maji, maana mtoto wa sikoseli hatakiwi kukaukiwa maji. Chupa yenyewe ni ya lita moja, ina mfuniko wa buluu alioutafuna pembeni, na bado iko juu ya kabati la vyombo. Asubuhi nyingi ninakuja kushtuka nikiwa nimekwisha kuijaza.

Wakati wa msiba watu walikuja wengi, jumuiya yetu ilisimama nami mpaka tulipoanua matanga, na sina cha kuwalaumu. Waliponiambia kazi ya Mungu haina makosa nilinyamaza, kwa kuwa na mimi nimewahi kuwaambia wengine hivyo. Lakini kuna neno nililoambiwa na zaidi ya mtu mmoja, tena watu wanaonipenda: "Amepumzika, na wewe sasa umepumzika." Neno hilo limenikaa kooni. Mimi sikuwahi kuomba kupumzika.

Kazini, wakati wa giza, wavuvi wanapoingia ziwani na taa zao na dagaa wakapatikana kwa wingi, ninakuwa mzima. Napokea mzigo, napepeta mchanga, nafungasha magunia, na wateja wa Kongo na Burundi wanasubiri mizigo yao. Siku hizo saa kadhaa hupita bila mimi kulia. Mbalamwezi ikiingia, uvuvi unapungua, sokoni kunapoa, nami nakaa tu nikisubiri jioni. Ndizo siku ambazo mteja huanza mazungumzo ya kupoteza muda na kuniuliza nina watoto wangapi. Nikijibu wawili naulizwa wako darasa la ngapi. Nikijibu mmoja najisikia nimemkana mwanangu sokoni, mbele za watu.

Mume wangu ni fundi wa injini za boti, mtu mpole, hajawahi kunipiga wala kunitukana. Lakini tangu tulipomzika Baraka hajalitaja jina lake hata mara moja. Nikianza kumzungumzia, anatoka nje kama mtu aliyeitwa. Tulikuwa tunajenga nyumba Buhongwa, na baada ya msiba ameikazania sana, hata Jumapili siku ambayo mafundi hawapo yeye huenda huko peke yake mpaka jioni. Sasa nyumba imeezekwa na anataka tuhamie kabla shule hazijafunguliwa Januari. Anasema Kirumba pametuchosha na kwamba kule tutaanza upya, mahali ambapo kila kona haitatukumbusha. Mimi sitaki kukumbushwa kidogo, nataka kukumbushwa. Godoro la Baraka liko hapa, alama za urefu wake ziko kwenye mlango huu, na Buhongwa hakuna chochote chake, alifika huko mara chache tu, na mara ya mwisho kuta zilikuwa kwenye lenta, akapanda kwenye tundu la dirisha la chumba cha nyuma akasema hicho ni chake na dada yake asikiingie.

Mama mkwe, ambaye yuko Ukerewe, anataka tuzae mtoto mwingine haraka. Wakati huo huo anasema ugonjwa ule ulitoka kwetu, kwa sababu upande wao hawajawahi kuuona. Baraka amezikwa huko Ukerewe, nyumbani kwa baba yake, kama desturi ilivyo, na mimi kwenda kaburini ni meli mpaka Nansio na kulala ukweni, kwa hiyo tangu misa ya kutimiza mwaka sijaenda tena.

Kuna na jambo la Neema. Alipimwa, hana ugonjwa. Lakini mimi namvalisha sweta hata jua likiwa kali, na kukiwa na manyunyu simpeleki shule. Mwalimu wake wa awali alinipigia simu kuuliza. Mume wangu aliposikia alisema maneno ambayo yamebaki kichwani mwangu: "Unamfanya mtoto mzima awe mgonjwa."

Majirani nao wameanza kuniita Mama Neema. Najua wanafanya kwa nia njema, lakini wakiita huwa siitiki mpaka warudie.

Nisaidie, mshauri. Nikikubali kuhama, si nitakuwa nimemwacha mwanangu Kirumba? Na nikikataa, nitakuwa navunja nyumba yangu kwa ajili ya godoro?

Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU

Marahaba, na pole sana, dada yangu. Nakupa pole hata kama zimekwisha kupita siku nyingi tangu watu waache kukupa, kwa kuwa katika desturi zetu pole huja kwa wingi kabla ya matanga kuanuliwa, kisha huisha ghafla, wakati mfiwa ndiyo kwanza anaanza kuelewa kilichompata.

Umeuliza kuhusu kuhama. Hilo ndilo swali lenye tarehe, na mume wako analisubiria jibu. Hata hivyo nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona kwamba nyumba ya Buhongwa imechukua sehemu ndogo tu ya maelezo yako. Sehemu kubwa ni saa kumi alfajiri, sweta, foliki, chupa ya maji. Kwa hiyo naomba unikubalie nianzie huko, kisha tufike Buhongwa tukiwa na mambo mengine mkononi.

Mama aliyemlea mtoto wa sikoseli kwa miaka 9 amekuwa muuguzi wa zamu ya usiku na mchana, asiye na likizo. Ulijua dalili za maumivu kabla mtoto hajasema, ulijua rangi ya macho yake ikibadilika kuwa ya njano, ulijua ni lini homa ni ya kungojea na ni lini ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Ujuzi wa namna hiyo hukaa mwilini. Siku mtoto alipofariki ulimpoteza yeye, na siku hiyo hiyo ukapoteza kazi uliyokuwa ukiifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote duniani, lakini mwili wako haukupewa taarifa. Ndiyo maana unaamka saa kumi, na ndiyo maana mkono unaijaza chupa kabla akili haijafika. Sioni humo dalili ya kuchanganyikiwa, na ningependa na wewe usijione hivyo.

Hapo ndipo linapochoma lile neno la "umepumzika". Waliolisema walikuwa wameona uchovu wako kwa miaka yote hiyo na walidhani wanakuonea huruma. Hawakujua kwamba kwako uchovu na upendo vilikuwa kitu kimoja, na kwamba kukuondolea kimoja ni kukunyang'anya na kingine. Lakini niseme jambo moja kwa uangalifu, nawe ulipime mwenyewe. Wazazi wengi wa watoto waliougua muda mrefu hupata dakika za kujisikia wepesi baada ya msiba: usiku wa kwanza wa kulala mfululizo, wiki ya kwanza bila foleni ya kliniki. Wepesi huo ukija, wengi wao hujichukia. Sijui kama umekupata, hukuandika hivyo, na huenda haukukupata kabisa. Kama ulikupata, haukumaanisha kwamba ulitaka afe.

Sasa Neema. Mume wako alisema neno kali, na inawezekana alilisema vibaya, lakini nakuomba tulitazame bila ukali wake. Umesema mtoto alipimwa na hana ugonjwa. Ikiwa kipimo kilikuwa kile cha damu kinachoonyesha aina ya himoglobini, basi hata kama amerithi chembe ya urithi ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu, yeye ni mtoto mzima. Manyunyu na upepo wa ziwa havitamfanya vilivyomfanya kaka yake. Naamini hilo unalijua. Kichwa kinalijua, ila mikono inatafuta mtu wa kumfunika. Ninachojiuliza ni hiki: Neema mwenyewe anaelewa nini anapovalishwa sweta wakati wenzake wana mashati? Ana miaka 5, alimwona kaka yake akivalishwa hivyo hivyo, kisha kaka akaondoka na hakurudi. Watoto wa umri huo mara nyingi hawaulizi, hujipangia majibu wenyewe. Je, kuna mtu amekaa naye akamweleza, kwa maneno ya mtoto, kwamba Baraka alikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, kwamba yeye hana ugonjwa huo, na kwamba hakuna alichofanya kilichosababisha kifo? Maneno kama "amelala" au "amesafiri" huwatisha watoto zaidi, kwa sababu na wao hulala, na baba na mama husafiri. Tumia neno kufa. Kumwambia mtoto mdogo neno hilo ni kugumu kwa mzazi, najua, ila likitoka kwa mama akiwa amempakata si sawa na kulisikia kwa watoto wa jirani.

Kuhusu sweta lenyewe, huhitaji kuliacha kwa siku moja kama mtu anayeacha sigara. Unaweza kuanza kwa kumwacha alichague mwenyewe asubuhi, ukaona mikono yako inafanya nini.

Nije kwa mume wako. Umemwona kama mtu aliyefunga mlango: hamtaji mtoto, anatoka nje, ameng'ang'ania ujenzi. Inawezekana ndivyo ilivyo. Lakini kuna mambo mawili umeyaandika mwenyewe, katika aya ile ile, na sina hakika kama umeyasoma pamoja. La kwanza, kwamba Jumapili anakwenda Buhongwa peke yake, siku ambayo hakuna fundi, mpaka jioni. La pili, kwamba Baraka alipanda kwenye dirisha la chumba cha nyuma akasema ni chake. Sijui baba yake anafanya nini huko siku nzima. Huenda anamwagilia maji kuta, huenda anahesabu mabati. Lakini kabla hujakubali kwamba Buhongwa hakuna chochote cha mwanao, ningetamani kujua kama mume wako naye anaamini hivyo.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika kwamba mfiwa haendi kwa hatua zilizopangwa kutoka kilio hadi kukubali, bali huenda huku na huko: wakati fulani anaukabili msiba wenyewe, analia, anashika nguo za marehemu, wakati mwingine anaupa kisogo na kushughulikia maisha yaliyobaki, ada, paa, biashara. Pande zote mbili ni sehemu ya kuomboleza. Wewe mwenyewe unaishi hivyo, giza na mbalamwezi, siku za magunia na siku za machozi. Tatizo la wazazi wawili ni kwamba zamu hizo hazifanani. Mmoja anapotaka kulia, mwenzake ndiyo ameshika nyundo, na kila mmoja anamwona mwenziwe kuwa ana kasoro: mke anasema mume hana moyo, mume anasema mke hataki kupona. Nimesoma barua za aina hii nyingi, kutoka pande zote mbili, na mara nyingi mume na mke wanaolalamikiana walikuwa na huzuni inayolingana kabisa.

Utamfikiaje mtu anayetoka nje jina likitajwa? Kumkalisha sebuleni na kumwambia "tuzungumze kuhusu Baraka" kunaweza kumfukuza tena. Wanaume wengi wa kwetu huongea wakiwa wanafanya kitu, macho yakiwa kwenye kazi. Pengine Jumapili moja ungemwomba uende naye Buhongwa, bila Neema, bila kujadili tarehe ya kuhama, ukachukua uji kwenye chupa na kukaa naye huko siku nzima. Hatari yake ipo, niiseme: anaweza kukataa, na ukajisikia umefukuzwa mahali pake, au ukafika ukasimama kwenye dirisha lile na kulia mpaka safari ikaonekana kwenu wote kama kosa. Ninyi wawili ndio mnaojua kama mnaweza kustahimili siku ya namna hiyo.

Sasa nyumba. Ulivyoliweka swali lako ni kana kwamba kuna mambo mawili tu, kumwacha mwanao au kuivunja ndoa. Sidhani kama yamefungwa hivyo. Kuhama Januari kuna faida zake: Neema ataanza mwaka wa shule bila kukatishwa katikati, kodi ya Kirumba itaokolewa, na mume wako ataona kwamba jasho lake la mwaka mzima limepokelewa. Kuna na hasara, na si za moyo tu. Mwaloni ni Kirumba, Buhongwa ni upande wa pili wa jiji kwenye barabara ya Shinyanga. Mfanyabiashara wa dagaa anayetakiwa sokoni mapema atalipa nauli na muda kila siku, na atakuwa mbali na majirani na wanajumuiya wanaojua habari yake bila kuelezwa. Mtu aliyefiwa akihamia mtaa mpya huwa mgeni mara mbili: hawamjui yeye, na hawakumjua mtoto wake. Hilo mume wako analiona kama nafuu. Kwako linaweza kuwa upweke.

Kusubiri nako kunawezekana. Kuna familia zinazoahirisha mpaka likizo ya katikati ya mwaka, zikatumia miezi hiyo kwenda na kurudi, wiki hii kupeleka vyombo, wiki ijayo kulala siku mbili, mpaka nyumba mpya ikazoeleka. Hatari ya kusubiri ni kwamba bila tarehe mpya iliyokubaliwa na wote wawili, mume wako anaweza kusikia "sitahama kamwe", na nyumba iliyoezekwa ikikaa tupu huharibika, na maneno nayo huanza. Kama mtachagua kuahirisha, ni vizuri tarehe itoke kinywani mwako.

Mkihama, iwe lini, kuna maswali madogo ambayo yakikosa majibu ndiyo yatakayowagombanisha siku ya kupakia mizigo. Godoro linakwenda au halikwendi? Chumba cha nyuma kitakuwa cha nani? Mlango wenye alama ni wa mwenye nyumba, lakini alama zinaweza kunakiliwa kwenye ubao au kwenye utepe wa fundi cherehani kwa urefu ule ule, na picha ikapigwa kabla hajaja mtu kupaka rangi. Vitu vya marehemu havina sheria moja. Kuna wanaogawa vyote siku ya matanga kwa kuwa desturi yao ndivyo inavyoagiza, na kuna wanaotunza sanduku moja maisha yao yote. Ninachokuomba ni kwamba asije mtu akakusanyia vitu hivyo wakati wewe hupo, hata kwa wema, na mwambie mume wako hivyo mapema. Kuhusu chupa, sina ushauri wowote. Iache ikae inapokaa.

Mtoto mwingine ni jambo zito kuliko nyumba, na nisingependa liamuliwe na mtu aliyeko Nansio. Lakini kwanza tumwondolee mama mkwe dhana moja, na umwombe mume wako aende mwenyewe kumweleza, maana kwa mkwe neno hilo halitapokewa vizuri likitoka kwako. Sikoseli haitoki upande mmoja. Ili mtoto augue, lazima apokee chembe ya urithi yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Upande wa baba "haukuwahi kuuona" kwa sababu anayebeba chembe moja tu kwa kawaida haugui, na anaweza kufikisha miaka 80 bila kujua anayo. Tena kubeba chembe moja humkinga mtu kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana watu wengi wanayo katika maeneo yenye malaria, ukiwemo ukanda wetu wa ziwa. Kwa hiyo hapa hakuna damu mbaya ya Usukuma wala ya Ukerewe.

Kwa wazazi ambao wote wawili ni wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa, asilimia 50 wa mtoto mbebaji asiyeugua, na asilimia 25 wa mtoto asiyekuwa na chembe hiyo kabisa. Kila mimba huanza hesabu upya. Mtoto aliyetangulia kuugua hapunguzi wala haongezi uwezekano wa anayefuata. Hospitali ya Bugando ina kliniki ya sikoseli, na mnaweza kuomba kuzungumza na wahudumu wake pamoja, wewe na mume wako, kabla ya kuamua lolote, mkauliza pia mtoto akizaliwa anapimwa lini. Mnaweza kutoka huko mkataka mtoto, au msitake. Ninaloliogopa ni mimba inayotafutwa ili kujaza nafasi. Mtoto huyo atakuja na sura yake na tabia yake, atalilia vitu ambavyo Baraka hakuvililia, na kama aliitwa aje kufuta machozi ataona mapema kwamba hayakufutika. Upande wa pili nao nisiufiche: wapo akina mama waliozaa baada ya msiba na wakasema mtoto yule hakuwa badala ya mtu, alikuwa furaha nyingine tu, na wakashukuru kwamba hawakungoja mpaka huzuni iishe, kwa kuwa isingeisha.

Safari ya Nansio uliitaja kwa sentensi moja ukapita. Kulala ukweni penye maneno ya damu si jepesi, na sikushangai kutokwenda. Hata hivyo mbalamwezi zile unazokaa bila mzigo ndizo siku ambazo biashara haitakudai, na Novemba, mwezi ambao Wakatoliki huwaombea marehemu, unakupa sababu ambayo hata mama mkwe hawezi kuipinga. Dada yako au rafiki wa jumuiya akiwa pembeni, mazungumzo ya ukweni hubadilika. Kama bado moyo haujataka, usijilazimishe kwa sababu tu ya kuonekana.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipima kupitia karatasi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeitambua huzuni ya kufiwa iliyorefuka kuwa tatizo la kiafya, pale inapodumu kwa ukali zaidi ya miezi 6, ikamzuia mtu kuendesha maisha yake, na ikazidi kiasi ambacho mila na dini ya jamii yake inakitarajia. Wewe unafanya kazi, unapika, unamlea Neema, unaandika barua iliyonyooka. Hayo ni mema. Lakini nisiposema nitakuwa nimekosa: ukianza kushindwa kula au kuinuka kwa siku nyingi, au ukipata mawazo ya kumfuata mwanao, usingoje barua nyingine. Mwambie mume wako au mtu yeyote siku hiyo hiyo, nenda hospitali, omba kumwona daktari wa afya ya akili. Kama unachohitaji ni mtu wa kuongea naye tu, maofisa ustawi wa jamii wako kwenye halmashauri na kwenye hospitali kubwa, na padri wa parokia yako huenda amekwisha kukaa na mama mwingine aliyefiwa ambaye angekubali kukutana nawe. Mara nyingi mama wa namna hiyo hufaa kuliko sisi wote tunaoandika safu.

Majirani wanaokuita Mama Neema unaweza kuwaambia jina unalolitaka. Wengi wao waliliacha lile la zamani kwa hofu ya kukuumiza, na watashukuru kuambiwa. Na kama siku moja utaona majina yote mawili yanakufaa, kila moja kwa watu wake, hakuna atakayekuuliza.

Limebaki swali la wateja. Ukijibu "wawili, mmoja ametangulia", wengi watasema pole na mazungumzo yatahamia kwenye dagaa. Wachache watataka kujua zaidi, na hao unaweza kuwaambia kwamba leo huwezi. Ukijibu "mmoja" kwa mtu unayemwona mara mbili kwa mwaka, hujamkana mtu yeyote. Jibu lake linaweza kutegemea nani anauliza, umelala saa ngapi usiku uliopita, na kama kuna mzigo wa kupakia. Baraka hahesabiwi na mnunuzi wa Bujumbura.

Mshauri